Makopo matatu ya madini kwa mgonjwa wa sukari: lipi mama aweke chini, lipi lisubiri kipimo

SWALI: "Assalaamu alaykum daktari. Mamaangu ana miaka 58, tupo Wete. Ana sukari mwaka wa tisa huu, pamoja na presha. Anatumia metformini gramu moja asubuhi na moja usiku, losartani 50, haidroklorothiazaidi 25, na omeprazoli 20 kila siku kwa ajili ya kiungulia, hiyo yapata miaka miwili na zaidi. Kipimo cha miezi mitatu cha mwisho kilisoma 8.4. Figo hajapimwa zaidi ya mwaka. Usiku hubanwa na misuli ya miguu, na nyayo anasema ziko kama zimevaa soksi na hali hazina kitu. Kuna mtu kamuuzia makopo matatu: magnesiamu oksaidi 500, vidonge viwili kwa siku, kromiamu pikolineti maikrogramu 1000, na zinki 50. Kaambiwa mwili wake unaikataa insulini kwa kukosa madini, na akivimeza miezi miwili ataachana na metformini. Mama mdogo, anayetumia dawa za VVU na ambaye sukari yake imeanza kupanda, naye anavitaka. Kweli vinasaidia? Havina madhara?"

Waalaykumu salaam. Naanza na lile linalonitisha kuliko mengine, na wala si makopo: ni hiyo ahadi ya kuachana na metformini. Mama asiiache. Hakuna madini yanayoshika nafasi yake, na mtu anayesoma 8.4 akiwa ndani ya dozi kamili, akiiacha, sukari itapanda ndani ya siku chache.

Kwa mengine, aliyemuuzia hakusema uongo mtupu. Kasema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni kazi zaidi kuijibu, kwa hiyo nivumilie.

Mtu akila, sukari huingia kwenye damu na kongosho hutoa insulini. Insulini haibebi sukari. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye seli za misuli, ini na mafuta. Hodi ikiitikiwa, habari hupokezanwa ndani ya seli kutoka protini moja hadi nyingine, mpaka vijilango vya sukari vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani vinapandishwa juu ya ukuta wa seli, na sukari inapita. Ukinzani wa insulini ni hodi inayobishwa kwenye nyumba yenye watu ambao hawaitiki. Kongosho hupaza sauti, yaani hutoa insulini nyingi zaidi, na kwa miaka kadhaa mambo huenda bila mtu kujua. Baadaye kongosho lenyewe huchoka, na hapo ndipo kipimo kinaposema "sukari". Mama, kwa mwaka wake wa tisa, kwa kawaida huwa na yote mawili: seli zilizo nzito kuitika na kongosho lililopungua nguvu. Hili la pili hakuna kopo linalolirudisha.

Sasa kwa nini walio ndani hawaitiki? Kwa watu wengi sababu kubwa ni mafuta yaliyojikusanya pasipo pake, ndani ya ini na ndani ya misuli yenyewe, yakavuruga ile kupokezana habari. Kukosa mwendo na usingizi mbovu huongeza. Vidonge vya prednisoloni, kwa wenye pumu au maradhi ya viungo, huongeza sana. Upungufu wa madini umo kwenye orodha, lakini hauko juu.

Magnesiamu ndiyo yenye hoja. Protini zile zikipokezana habari hutumia nishati iitwayo ATP, na ATP haifanyi kazi peke yake. Sharti iwe imeshikana na magnesiamu. Ikipungua, hodi inasikika mlangoni lakini ujumbe unachechemea ndani. Na kwa mama yako zipo sababu tatu za kuipoteza. Sukari ikiwa juu, mkojo unakuwa mwingi na magnesiamu hutoka nao. Haidroklorothiazaidi, ile dawa yake ya presha, huifanya figo iimwage zaidi. Omeprazoli, ikitumika muda mrefu, huzuia utumbo kuifyonza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2011, na wapo wagonjwa ambao hata wakipewa vidonge vya magnesiamu haipandi mpaka omeprazoli isimamishwe. Ukiniuliza kama mama huenda ana upungufu, nitakwambia inawezekana sana. Lakini sababu huenda imo kwenye mfuko wake wa dawa, na kuongeza kidonge cha tano ili kuziba tundu la kidonge cha nne si njia ya kwanza ya kufikiria.

Je, akiwa nao upungufu, kuujaza kunashusha sukari? Meksiko mwaka 2003 walichukuliwa watu 63 wenye kisukari na magnesiamu ya chini, nusu wakapewa kloridi ya magnesiamu kwa wiki 16. Waliopewa walimaliza na kipimo cha miezi mitatu karibu 8, wenzao zaidi ya 10. Ni tofauti kubwa, ila utafiti ulikuwa mdogo, na wote walikuwa na upungufu uliothibitishwa. Kwa watu ambao magnesiamu yao imetosha, faida imekuwa ndogo au haikuonekana. Utafiti ukikusanywa pamoja, unaonyesha pia kwamba chini ya miezi minne hivi ni vigumu kuona chochote. Ile "miezi miwili" ya muuzaji haina mzazi.

Usije ukasema, basi ameze tu, madini ni kitu cha asili. Mfano wa kulijibu hilo uko hapo hapo Pemba. Watoto wadogo wa kisiwani walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika utafiti mkubwa, na Agosti 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa kwa sababu waliopewa chuma walilazwa na kufa zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Malaria wakati ule ilikuwa nyingi. Walipochunguzwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli na damu kidogo walinufaika. Madhara yaliwaangukia wasiokuwa na upungufu. Matokeo yalichapishwa 2006 na yakabadilisha ushauri wa dunia nzima juu ya kugawa chuma kwa watoto kwenye maeneo ya malaria. Madini yale yale, kisiwa kile kile: dawa kwa mmoja, sumu kwa mwenzake.

Kromiamu nitaipitia haraka. Sifa zake zilianzia kwenye panya na hamira mwaka 1959, zikapata nguvu miaka ya 1970 kwa wagonjwa wachache waliokuwa wakilishwa kwa mshipa bila kromiamu kabisa. Mwaka 1997 utafiti wa China wa watu 180 ulionyesha sukari kushuka, na makampuni hayajaacha kuunukuu. Tafiti zilizofuata zimegongana. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilifika mwaka 2014 kusema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kromiamu ni kirutubisho cha lazima hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa upande wa pili, zimeandikwa taarifa za figo kuumia kwa watu waliomeza pikolineti kwa wingi. Ni chache, lakini mgonjwa wa sukari na presha hana figo ya kuchezea. Hilo kopo aliweke chini leo. Hakuna haja ya kupunguza polepole.

Zinki nayo ina ukweli unaovutia: ndani ya kongosho insulini huhifadhiwa sita sita zikiwa zimefungwa pamoja na zinki. Kutoka hapo hadi "meza 50 kila siku" ni safari ndefu. Mwanamke wa umri wake anahitaji miligramu 8 kwa siku, na kikomo cha mtu mzima ni 40. Ukipita hapo kwa wiki na miezi, zinki huzuia utumbo kufyonza shaba. Shaba ikipungua, damu hupungua na mishipa ya fahamu ya miguu huharibika, ganzi ikapanda taratibu. Zingatia neno ganzi, nitalirudia.

Kabla ya hapo, chukua makopo uyasome tena, maana namba iliyoandikwa mbele mara nyingi si namba ya madini yenyewe. Magnesiamu oksaidi ni asilimia 60 tu magnesiamu. Iliyobaki ni oksijeni. Kidonge cha oksaidi 500 kina takriban miligramu 300, na viwili ni 600. Kikomo cha magnesiamu ya vidonge (ya chakula haihesabiwi) Wamarekani wameweka 350 kwa siku, Ulaya 250. Lakini ikiwa lebo inasema "magnesiamu 500, kutokana na oksaidi", basi ni 500 kamili kwa kidonge, na mama anameza 1000. Zinki hivyo hivyo: "zinki glukoneti 50" ina zinki kama miligramu 7 tu, wakati "zinki 50" ni 50. Tofauti ya neno moja ndiyo tofauti ya kutodhuru na kudhuru. Oksaidi, juu ya hayo, hufyonzwa vibaya. Kubwa inalofanya ni kuharisha. Sitreti hufyonzwa vizuri zaidi, ingawa kila kidonge hubeba magnesiamu kidogo.

Angalia pia kama bidhaa imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Si urasimu: katika nchi mbalimbali "dawa za asili za sukari" zimekamatwa zikiwa na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, ndani bila kuandikwa, na mtu akaanguka kwa sukari kushuka asijue kwa nini.

Sasa figo, ambayo ndiyo inayoamua yote. Magnesiamu ya ziada haina njia nyingine ya kutoka isipokuwa figo. Ikiwa figo imechoka, inajikusanya: kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi usio wa kawaida, presha kushuka, moyo kwenda polepole. Mwambie daktari aandike kreatinini, kipimo cha damu cha figo, na kwenye karatasi ya majibu mtafute namba ya eGFR, inayoonyesha figo inachuja kiasi gani. Ikiwa chini ya 30, magnesiamu ya vidonge haitumiki, na metformini pia husimamishwa na daktari. Kati ya 30 na 45, metformini yenyewe hupunguzwa, kwa kawaida isizidi gramu moja kwa siku. Mama anameza mbili. Unaona basi kwamba kipimo hiki alikuwa akikihitaji hata bila makopo. Mpaka majibu yatoke, magnesiamu ikae kando. Wiki moja haitamdhuru.

Katika kuhesabu magnesiamu, msisahau iliyojificha. Vidonge vingi vya kutafuna vya kiungulia vina magnesiamu. Chumvi ya haluli, ile ya kusafisha tumbo, ni magnesiamu salfeti yenyewe. Mzee mwenye figo mbovu anayekunywa haluli kila mwezi "kutoa uchafu" yuko hatarini kuliko anayemeza kopo la mama yako.

Siku hiyo hiyo ya kreatinini waombe na potasiamu, albumini (protini) ya mkojo, HbA1c mpya (kile kipimo cha miezi mitatu), na magnesiamu ya damu kama maabara inaipima. Kiwango cha kawaida cha magnesiamu ni 0.7 hadi 1.0 hivi (mmol/L). Ikiwa chini ya 0.7 upungufu upo. Ikiwa 0.72, bado haujakanushwa, kwa sababu damu hubeba chini ya asilimia 1 ya magnesiamu yote ya mwili. Hapo daktari huangalia na dawa anazotumia. Kama mama ana selimundu au damu pungufu, aseme, maana HbA1c huweza kudanganya, na vipimo vya kidole vya asubuhi na saa mbili baada ya kula vitaaminika zaidi.

Narudi kwenye ganzi. Nyayo zenye soksi zisizokuwepo, kwa mgonjwa wa miaka tisa, zinaweza kuwa ni sukari yenyewe imekula mishipa ya fahamu. Lakini metformini kwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, na omeprazoli hupunguza zaidi. Ukosefu wa B12 huleta ganzi ile ile, na huo unatibika kwa sindano au vidonge ukiwahiwa. Kwa maoni yangu, kama kuna kirutubisho kimoja mama anachostahili kupimwa wiki hii, ni B12, na hakimo katika makopo yote matatu. Na zinki 50, kwa njia ya shaba, ingeongeza ganzi juu ya ganzi huku kila mtu akilaumu sukari. Kuhusu kubanwa misuli usiku, siwaahidi kitu: kwa watu wazima wenye kubanwa kwa kawaida, magnesiamu ikipimwa dhidi ya kidonge kitupu haijaonyesha faida ya maana. Kama upungufu upo kweli, hapo ni jambo jingine. Potasiamu iliyoshushwa na haidroklorothiazaidi nayo hubana misuli.

Tuseme figo ni nzima, eGFR juu ya 60, na daktari ameridhika kwamba magnesiamu imepungua. Jambo la kwanza ni kumuuliza kama omeprazoli bado inahitajika. Isikatwe ghafla, tindikali hurudi kwa hasira. Hupunguzwa kwa wiki kadhaa, au hubadilishwa kwa famotidini, dawa nyingine ya tindikali. Jambo la pili, kama dawa ya presha inaweza kubadilishwa. Kisha, akiandikiwa magnesiamu, dozi ya busara ni miligramu 200 hadi 300 za magnesiamu halisi kwa siku, zikigawanywa mara mbili pamoja na chakula. Akiharisha, apunguze nusu. Apimwe damu tena baada ya wiki sita hadi nane, na HbA1c baada ya miezi minne. Isiposhuka, iachwe. Lakini eGFR ikiwa kati ya 30 na 60, asianze bila daktari kufuatilia. Siku akiandikiwa siprofloksasini au doksisaiklini, dawa za kuua bakteria, aseme kwamba anameza magnesiamu, kwa kuwa huzishika tumboni zisifyonzwe. Kwa siprofloksasini, aimeze saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baadaye.

Na hata yote yakienda sawa, sitarajii magnesiamu peke yake imtoe 8.4 imfikishe 7. Swali kubwa la kupeleka kliniki ni hili: dozi ya metformini imefika mwisho na sukari haijatulia, je, si wakati wa dawa ya pili? Familia nyingi huchelewa hapo mwaka mzima zikijaribu makopo.

Mama mdogo ana habari yake. Kwa dawa za sasa, yaelekea anatumia TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, mojawapo dolutegraviri. Magnesiamu na zinki huishika dolutegraviri tumboni isiingie mwilini, na virusi hupata nafasi. Akilazimika kutumia magnesiamu, dolutegraviri imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Chuma na kalsiamu zinaweza kwenda nayo pamoja, mradi ni pamoja na chakula. Dolutegraviri pia huongeza metformini katika damu, kwa hiyo akianzishiwa metformini kwa kawaida haizidi gramu moja kwa siku. Huenda atakayeiandika si yule anayemwandikia TLD, basi aseme mwenyewe. Tena, kwa baadhi ya watu sukari hupanda baada ya kuanza dawa hii, na hilo ni la kuripoti kliniki anakochukulia dawa, si la kutibu dukani. TLD asiikatize hata siku moja. Makopo ya dada yake asiyaguse.

Chakula nakitaja mwisho ingawa ndicho chenye magnesiamu isiyo na kikomo cha hatari kwa mwenye figo nzima. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina takriban miligramu 77. Gramu 28 za korosho, kati ya 70 na 80. Mbegu za maboga zilizomenywa, kiasi hicho hicho, zaidi ya 140. Wali mweupe, nusu kikombe, una kama 10 tu, kwa sababu madini yamebaki kwenye pumba. Kwa hiyo asubuhi mbaazi zibaki na maandazi yapungue, nazi nyepesi, chai bila sukari. Mchana wali au majimbi robo ya sahani, mchicha au kisamvu nusu, samaki robo. Dagaa na chaza zitampa zinki bila kopo. Madafu kwa mwenye figo mbovu anayetumia losartani si kinywaji cha kujimiminia, yana potasiamu nyingi.

Kisha atembee dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, hata kama ni uani. Msuli unaofanya kazi hupandisha vijilango vya sukari wenyewe, bila kusubiri hodi ya insulini. Kwa nyayo zenye ganzi avae viatu vilivyofunika vidole, na kila usiku mmoja wenu amwangalie nyayo kwa taa.

Msisubiri miadi ikiwa kipimo cha kidole kinapita 16 (mmol/L) na hakishuki, au anatapika, anapumua kwa kasi, ana kidonda mguuni hata kidogo, moyo unaruka mapigo, au amelegea na kusinzia baada ya kumeza magnesiamu au haluli. Mpelekeni hospitali ya Wete usiku huo huo. Na siku ya kliniki mchukue makopo yote matatu na vidonge vyake vyote, pamoja na vile vya kutafuna, vikiwa ndani ya mfuko mmoja, mviweke mezani kwa daktari kabla hamjaanza kueleza.